Vitu Kumi au Kidogo

Duka kuu la Oamaru, foleni ya wenye haraka.
Juu ya mashine ya fedha kinaning'inia kibao cha kijani:
VITU KUMI AU KIDOGO.
Mwaka wa kumi na moja huu nakisoma
na kila nikikisoma jino la nyuma linaniuma.
Vitu huhesabika, jamani. Vikihesabika ni vichache.
Kidogo ni maziwa. Kidogo ni chumvi.
Kidogo ni subira niliyobaki nayo.
Nilimwandikia meneja barua tatu.
Ya tatu aliijibu: Ahsante, maoni yako yametugusa kihalisi.

Kihalisi!
Neno hilo lilikuwa msumari,
ukilipigilia, jambo linasimama wima.
Leo wanalinyunyiza kama sukari juu ya andazi.
Binti wa duka la mikate amekufa kihalisi kwa kicheko,
huku ananirudishia chenji, na kiganja chake kina joto.
Jirani yangu Glenys kichwa kimempasuka kihalisi
mara nne tangu Pasaka,
na kila Ijumaa anakipeleka kwa msusi.
Halafu yule mtangazaji wa raga
anayemsifu refa kuwa ni mtu asiyejali,
akimaanisha hapendelei upande.
Refa asiyejali, mwanangu,
ni yule anayetafuna pai ya nyama mpira ukivuka mstari.

Miaka thelathini na minne nilisahihisha gazeti,
zamu ya usiku, kalamu nyekundu, chai iliyopoa.
Kwa koma moja nilimwokoa meya
asifunge ndoa na farasi wake ukurasa wa mbele.
Hakuna aliyejua. Kosa lililozuiwa halina kaburi.

Kaka yangu Lachie alijua.
Alikuwa dereva wa lori la maziwa,
akinipigia simu kutoka kila kituo cha mafuta:
"Noeline, leo barabarani magari kidogo."
Machache, namwambia.
"Na kondoo kidogo."
Wachache, Lachie.
"Mimi basi nina marafiki kidogo."
Nakata simu.
Anapiga tena, anacheka
kama dizeli inayogoma kuwaka asubuhi ya barafu.
Alikuwa hajui, au alikuwa anajua?
Miaka sitini sikumtambua.

Mwezi wa Juni alifariki.
Kihalisi.
Nililiandika neno hilo kwenye kijidaftari changu
nikaliangalia. Lilikuwa mahali pake.
Sikupata raha yoyote.

Wiki tatu baadaye simu ililia. Ni Rewi, mchonga mawe.
Mbele yake ana jiwe jeupe la huku kwetu
na karatasi aliyoiacha Lachie, nyuma ya risiti ya mafuta:
MIAKA KIDOGO, KICHEKO TELE.
"Samahani, mama," akasema taratibu,
kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki sasa hivi,
"nadhani hapa pana kosa. Si miaka *michache*?"

Maisha yangu yote nilingoja mtu mmoja wa mji huu
aniulize swali hilo.
Nilikaa kwenye ngazi, waya wa simu umenizunguka goti.
Upande wa pili nilimsikia akipuliza vumbi.

"Michache," nikasema. "Uko sahihi kabisa.
Wewe chonga kidogo."

"Nichonge kidogo tu?"

"Hapana, Rewi. Chonga yote. Ila chonga *kidogo*."

Kimya.
Halafu akacheka yeye, au mimi, sikumbuki nani alianza,
na kicheko kile kilikohoa kwanza
kabla hakijashika moto.

Jumamosi nilikwenda dukani.
Siagi, sabuni, betri, viazi, na mengineyo.
Nilihesabu mara mbili, nina mazoea hayo.
Vilikuwa kumi na kimoja.
Nikasimama chini ya kibao cha kijani.