Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza tulimwona akiungua.
Kwa macho yetu, yakhe, mie na Shaame,
viti vya mbao, safu ya nne:
nyumba ikamwangukia, mvua ikazima majivu,
taa zikawashwa, tukaenda kwetu tukalala.
Basi huyu aliyechorwa kwenye bango la leo,
koti lilelile, kucha zilezile,
katoka wapi?

"Katoka tumboni mwa tajiri," alisema Shaame.
"Maiti aliyeuza tiketi haachiwi kupumzika."
Akacheka peke yake, akanunua njugu
zilizofungwa karatasi ya daftari la mtoto wa watu:
saba mara nane, hamsini na nne,
kosa la wino mwekundu, chumvi juu yake.

Ndani, joto la Wete na pumzi za watu mia mbili.
Wanawake juu, buibui zao usiku juu ya usiku.
Nyuma yetu Hamad Time, aliyekaa Mombasa miaka miwili
akarudi na Kiingereza kama mtu aliyerudi na redio,
lazima mtaa mzima usikie.
"Anamwambia usifungue mlango!"
Alikuwa anamwambia nakupenda; hata mie nililijua hilo.
Akafungua.

Kisha lifti, ikipanda yenyewe.
Wete haina lifti,
lakini tuliiogopa kama tuliozaliwa ndani yake.
Namba zikawaka, tatu, nne, tano,
na huko juu bibi mmoja akaanza Ayatul Kursiyu
kwa sauti, pole pole, bila kukosea,
mpaka milango ikafunguka
na ndani hamna mtu.

Hamna mtu!
Hilo ndilo lililotuliza,
wala halikututuliza.
Shaame, mcheka maiti, kanikamata mkono,
njugu zote chini.
Sikumwambia kitu. Mkono ule
nami nilikuwa nauhitaji.

Ndipo umeme ukakatika.

Giza la sinema ni jingine, la shirika la umeme ni jingine.
Kelele zilizotoka pale sijui zipi za woga,
zipi za kudai fulusi.
Akaja Ngwali, fundi wa mashine, na kandili mkononi,
mwanga ukimpiga usoni kutokea chini,
watu wakapiga yowe upya.
"Ni mie! Ni Ngwali! Tulieni niwahadithie iliyobaki."
Akahadithia. Kwa Ngwali, maiti alitubu,
akaomba radhi nyumba hadi nyumba,
akarudi kaburini akajifukia mwenyewe, kistaarabu.
Na hela hazirudishwi.

Tulitoka tukidanganyana kwamba ile ya kwanza ilitisha zaidi.
Nikamsindikiza Shaame mpaka kwao Bopwe.
Mlangoni akaitazama njia ninayoirudia,
akasema, "Ngoja, nikusindikize."
Akanisindikiza mpaka kwetu Limbani.
Mlangoni nikaitazama njia anayoirudia.
"Ngoja," nikasema.
Makaburi yalikuwa katikati. Tuliyapita mara sita,
tukizungumza mpira kwa sauti ya watu wanaogombana,
mpaka mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti
na kila mmoja akawa mwanamume tena,
akaenda kwao peke yake.

Mwaka uliofuata alisafiri. Maskati, kisha sijui wapi.
Nilimsindikiza Mkoani, mpaka ngazi ya meli.
Pale naye akaitazama njia ninayoirudia,
mchana kweupe, jua la kuanika karafuu,
akafungua kinywa.
Honi ikalia.

Majuzi kapiga simu. Huko aliko ni usiku.
Hakuwa na jambo. Kaniuliza mvua, kaniuliza bei ya unga,
halafu: "Yule maiti, yakhe. Hivi kweli alitubu?"
"Alitubu," nikamwambia. "Si Ngwali alisema?"
Tukanyamaza, kila mtu na simu sikioni,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.