Mstari wa Makazi

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kujaza:
jina, umri, kosa, mdhamini,
mtaa, namba ya nyumba.
Miaka kumi na tisa nimejaza, na peni
haijanigomea ila Jumanne ile.

Walimleta asubuhi, mgambo wawili,
Kashinje binti Lugembe, hamsini na ushee,
wamemkuta amelala kando ya Mto Mirongo
chini ya jiwe lililoegemea jiwe lenzake
kama walevi wanaosindikizana.
Shtaka lilikuwa fupi:
mzururaji, hana kazi, hana makazi.

Kweli huna kazi? akauliza hakimu.
Hakujibu. Akanyoosha mikono.
Magamba ya sato yalikuwa yamemgandia
hadi viwikoni, yakametameta
chini ya taa yetu inayopepesa.
Natoka Mwaloni, akasema, zamu ya usiku.
Napaa samaki. Nalipwa kwa ndoo.
Fomu haina mahali pa magamba.
Nikayaandika pembezoni: kielelezo.

Halafu ikaja dhamana.
Dhamana yataka barua ya mtendaji,
barua yataka mjumbe akujue,
mjumbe hukujua kwa mlango wako,
na mlango,
mlango wa Igogo shemeji zake waliufunga
tanga la marehemu halijaanuliwa,
wakamwambia mwanamke harithi ukuta.

Juu ya kichwa cha hakimu kuna fremu,
imeinamia kushoto tangu mafundi wapake rangi:
*Watu wote ni sawa mbele ya sheria.*
Nimeisoma mpaka nimeacha kuisoma.
Mbele ya sheria, sawa.
Je, mbele ya fomu?
Husema sheria ni msumeno, hukata huku na huku.
Husahau kwamba msumeno una mpini,
na siku ile mpini ulikuwa peni ya bluu
yenye kifuniko nilichokitafuna mwenyewe.

Kiongozi wa mgambo akasimama:
Mheshimiwa, huyu hana anwani, atatoweka.
Mshauri mmoja wa baraza alikuwa anasinzia;
kicheko cha Kashinje kikamwamsha.
Nitatoweka? Mwezi huu umenipata mara tatu,
usiku, bila tochi.
Mbu wanapajua kwangu. Mvua inapajua.
Virungu vyenu vinapajua.
Imebaki barua tu kupotea njia?

Nikaandika. Hakuna aliyeniruhusu.
*Makazi: jiwe la tatu kutoka darajani,
mkono wa kulia ukielekea ziwani,
lenye maneno ya chokaa USIKOJOE HAPA.*

Hakimu Nyanjura akaisoma, akairudia,
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio,
akanitazama mimi, si yeye, kwa muda
uliotosha kunikumbusha ada ya shule ya wanangu.
Kisha akamgeukia mgambo:
Nitajie kifungu kisemacho
nyumba lazima iwe na bati.
Akasema atakitafuta.
Mpaka ukipate, akasema hakimu,
na mhuri ukashuka.

Sidai kwamba Mwanza iligeuka.
Wiki iliyofuata walizoa vijana wanne Makoroboi,
na fomu ni ileile, mistari ileile,
na kesi yake imeahirishwa mara mbili
kwa sababu anayetafuta kifungu yuko likizo.
Na mimi nimeandikiwa barua ya kujieleza,
nimeijibu kwa kurasa mbili, sijajibiwa.

Ila Ijumaa mpeleka wito alirudi,
viatu vimelowa, karatasi imelowa,
nyuma yake dole gumba la wino
na gamba moja la samaki limenata.
Nimempata, akasema, kana kwamba ananishitaki.
Alitafuta mlango wa kubisha, akaukosa,
akaona haya kuingia hivihivi,
akagonga jiwe kwa funguo za baiskeli, akapiga hodi,
na kutoka ndani, ambako si ndani,
mtu akaitika:
karibu.