Tangazo Lililochelewa

Barua ilifika Chavakali Jumanne,
imekunjwa mara nne mfukoni mwa bawabu:
kongamano la sayansi, Kisumu,
nauli italipwa, mwalimu mmoja, wanafunzi wawili.
Mwisho wa kujiandikisha: Ijumaa iliyopita.

Mwalimu Ayodi hakusema neno.
Kageha alikuwa ameshaponda maua ya hibiskasi
(karatasi za litmasi ziliisha muhula wa kwanza),
rangi imetulia kwenye vichupa vya jamu,
zambarau, kama wino wa kura kidoleni.

Wakatia maji ya mto Edzava: hayakubadilika.
Maji ya sabuni ya mpishi: kijani kibichi!
Visero akacheka, akataka kurudia.
Maji ya kisima cha shule
yakaelekea wekundu.
Hakuna aliyecheka.

“Tuandike wapi?” Daftari la maabara lilikuwa limejaa.
Mwalimu akaigeuza barua.
Mgongo wake mweupe,
hauna muhuri, hauna tarehe ya mwisho.
Akapiga mistari kwa rula.

Jioni alipiga simu Kisumu.
“Mmechelewa, mwalimu.”
“Najua,” akajibu. “Naulizia ya mwaka ujao.
Lakini kwanza, nisikilize kidogo
kuhusu kisima chetu.”