Kitunguu Ubaoni

Miaka ishirini na miwili nachora mlima kwa chaki,
duara ndani ya duara, ndani ya duara,
na kila mwaka kuna mtoto wa dawati la nyuma
husema, Mwalimu, hicho kitunguu.
Darasa hucheka. Mie nami hucheka.
Mwaka jana Asaa Khatib hakucheka.
Aliuliza tu: Wewe umeuona?
Nikamwambia, fungua ukurasa wa arubaini na moja.

Basi nina daftari la jalada la kijani.
Juu nimeandika SAFARI, nikaogopa,
nikaongeza: inshallah.
Likizo ya Juni. Pemba mpaka Tanga kwa meli,
Tanga mpaka Moshi kwa basi,
Moshi hadi Marangu, kwa Ndeshi
tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini pale chuoni,
akinicheka nikivaa soksi kwa manyunyu tu.

Ndeshi hupiga usiku, vifurushi vikiwa rahisi.
Usije kama unakwenda harusini.
Omba mapema, Juni na Julai lango hujaa wageni,
kila mmoja na fimbo mbili, utadhani wana miguu minne.
Ukipewa namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo.
Kitambulisho usikisahau, usije ukatozwa cha mgeni.
Kileleni hatuendi, magoti yetu tunayajua.
Tutaishia vibanda vya kwanza, kule msituni,
tunywe chai, turudi.
Naandika: chai.
Naandika: magoti.

Koti nimelipata kwa Faki, mitumbani.
Limening'inia pale tangu mfungo wa mwaka juzi,
zito, lina manyoya kolani,
Faki akilifunikia mzigo jua lisiupaushe.
Akaniuliza, Mwalimu, una homa?
Nimelivaa mbele ya kioo, jasho linatiririka,
Shaame kitandani anasema,
mke wangu amekuwa godoro.

Kwa mazoezi nina mteremko wa bandarini, hapa Wete.
Alfajiri nashuka, nageuka, napanda,
mgongoni mkoba wa shule na pishi mbili za mchele.
Bi Mize wa mandazi alihesabu siku tisa,
ya kumi akaniita pembeni:
Kuna mtu unamdai huko chini?
Mlima, nikasema.
Akanifungia andazi kwenye karatasi,
pesa yangu hakuitaka.

Nauli ni karafuu, na karafuu zenyewe zi mtini.
Shaame keshayapima matawi kwa macho:
zikiwahi, hatuendi, nani atachuma?
Zikichelewa, hatuendi, tutakwenda kwa nini?
Nikasema, zitakuja kwa wakati.
Akasema, wewe umesomea jiografia,
karafuu hukuzisomea.

Jana Ndeshi kapiga tena, sauti imepungua.
Kuna jambo sikukwambia. Juni mlima hujifunika.
Sisi wenyewe wa hapa twakaa wiki nzima na ukungu.
Unaweza ukaja, ukapanda, ukashuka,
ukapanda basi ukaondoka,
usiuone.

Sikuandika kitu. Nilishika kalamu tu.
Nimefikiria Asaa, atakuwa darasa jengine,
atanisimamisha mlangoni: umeuona?
Nami niseme nini?
Nilikuwa juu yake, mwanangu.
Umande wake uliingia viatuni. Miti ya huko ina ndevu.
Nilitweta kwa kila duara niliyowahi kukuchorea.
Kuuona, sikuuona.
Kwenye mtihani jibu hilo ningelipa sifuri,
na kalamu nyekundu ningeikandamiza.

Shaame kaniuliza, sasa?
Nikamwambia, koti nishalinunua.

Leo Ijumaa, tumefunga mapema.
Nimefuta ubao wote, tarehe, majina ya wapiga kelele,
mito na vijito vyake.
Kitunguu nimekiacha.