Kosa la Sikudhani

Swali la nne lilikuwa jepesi, la kuokoa watoto:
Taja sifa tatu za samaki.
Nilisahihisha usiku, umeme umekatika,
tochi ya simu nimeibana kwa kidevu.
Magamba, vema. Mapezi, vema. Matamvua, vema.
Daftari juu ya daftari, arobaini, hamsini,
mpaka nikafika kwa Sikudhani Mwinyimvua,
Darasa la Sita B, mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino:

Samaki hupanda mti.
Samaki hufumba macho.
Samaki hubeba hewa kupeleka nyumbani.

Nikacheka hadi tochi ikaanguka.
Nikamchapia mikasi mitatu myekundu
na pembeni nikaandika: Acha hadithi za bibi.

Asubuhi hakulia. Alisema tu,
"Mwalimu, Jumamosi ni bamvua, maji yatatoka mbali.
Njoo na viatu vya kuvua."

Nimefundisha Kijichi miaka kumi na tisa.
Kutoka ubao wangu hadi mikoko ya Kizinga
ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja.
Sikuwahi kushuka.
Nilijua mikokoni ni pa mbu
na pa kutupa, usiku, vitu visivyosemwa.

Tope lilinimeza hadi magotini, likaguna.
Chupa za plastiki, ndala moja ya kushoto,
harufu ya yai lililosahauliwa.
"Usitikisike," akaninong'oneza, naye ndiye mwalimu sasa.

Na tope likafumbua macho.

Mawili, juu kabisa ya kichwa, kama vifungo vya koti
vilivyoshonwa na fundi mlevi.
Nyuma ya macho ukaja mwili, urefu wa kidole cha kati,
ukatembea kwa viwiko,
samaki, jamani, kwa viwiko!
Akaufikia mzizi wa mkoko, akaukumbatia,
akapanda.

Pale juu akatulia, akatukagua.
Jicho moja likazama ndani ya kichwa, likalowa, likarudi.
La pili nalo vivyo hivyo.
Mimi ndiye sikupepesa.

"Bibi humwita mpangaji," Sikudhani akasema.
"Baharini hatulii, bara hapewi kiwanja."
Kisha akanionyesha tundu, upana wa kizibo cha soda.
Chini mle, ndani ya maji mazito yasiyo na pumzi,
mayai yamebandikwa darini.
Dume hugugumia hewa huku juu, mashavu yamefura,
akashuka nayo, akaiachia chumbani,
akarudi kuchota nyingine,
na nyingine.

Nikamkumbuka mke wangu alfajiri ile,
ndoo kichwani, dumu mkononi, bomba la jirani,
maana kwetu yalikatika tangu Jumanne.
Sisi twabeba maji kuyaingiza kwenye nyumba ya hewa.
Yeye hubeba hewa kuiingiza kwenye nyumba ya maji.
Hana ndoo. Ana mdomo tu.
Na mimi mwenye mikono miwili, alfajiri ile,
nilikuwa nimelala.

Maji yakaanza kurudi kwa vidole vyembamba.
Njiani Sikudhani akaniuliza kama namjua jongoo bahari,
yule ambaye ukimbughudhi hukutapikia matumbo yake,
akaenda zake kuotesha mengine.
Nikafungua mdomo kudanganya.
Nikaufunga.

Jumatatu nikaliomba lile daftari.
Wino mwekundu haufutiki kwa raba, basi nikashika wembe,
nikakwangua taratibu, ulimi nje kama mtoto,
hadi karatasi ikatoboka mara tatu.

Akalipokea. Akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha,
akachungulia tundu moja, akachungulia la pili,
huko nyuma kulikuwa na zoezi la Ijumaa.
"Mwalimu," akauliza, "alama zangu
zimeshuka humu?"