Isipokuwa

Waraka ulifika Sikonge Jumanne kwa basi la Tabora,
umekunjwa ndani ya bahasha ya kaki,
muhuri nusu umekolea, nusu umekosa wino.
Mimi ni wa masjala. Naandika: umepokelewa, saa nne na robo.
Naupa namba. Natoa nakala sita;
ya saba mashine ikaitafuna.

Ngazi mpya za mishahara! Mlango ukajaa watu:
mwalimu Nyanzala, chaki ingali vidoleni,
bwana mifugo, dereva wa gari la wagonjwa,
kila mmoja akizisaka herufi zake
kama mzazi anayesaka jina la mwanawe kwenye matokeo.

Mimi nilikwishafika aya ya nne.
Aya ya nne inaanza na isipokuwa.

Isipokuwa wakubwa wenye bodi zao,
wanaopangiwa mshahara kwenye chumba chenye zulia:
hao ngazi ni fupi, hawaenei.
Isipokuwa wa mkataba, wa muda, wa kutwa:
hao ngazi haijawafikia miguuni.
Kati yao, mkato mmoja tu.
Niliukodolea macho ule mkato hadi yakauma.
Umewezaje kuwabeba wote hawa
bila kuinamia upande?

Kalunde akaja na ndoo yake.
Husafisha wodi ya wazazi kwa mkataba wa miezi mitatu,
miezi mitatu mara thelathini na saba.
Nimehesabu; majalada ninayo mimi.

"Nisomee, Mihayo. Mimi nipo wapi?"
Upo aya ya nne, nikamwambia. Umesamehewa.
Akacheka. "Kwa kosa gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na gundi,
na gundi yetu siku hizi ni uji wa muhogo,
maana fungu la vifaa liliisha tangu Machi.
Ubao wa matangazo umeshiba vumbi jekundu,
kona ya chini ikagoma kushika.
Kalunde akatua ndoo,
akaikandamiza kwa dole gumba,
dole lililochunwa na dawa ya madoa,
akangoja, akiwaza sijui nini,
mpaka karatasi ikakubali.

Alipoondoka iliachwa alama ya unyevu
juu ya lile neno.
Saa nane ilikuwa imekauka.
Neno halikufutika. Nilikwenda kutazama,
nikatazama tena wakati wa kufunga ofisi.