Macho Yana Pazia

Andongwisye alianza na madawati.
Si mchoro, si hesabu: madawati manne
yaliyopigwa mnada na shule, vyuma vya mraba,
akayachomelea hadi yakawa chasi.
Juu yake injini ya Starlet iliyopinduka Mlima Nyoka,
na bodi ya faibaglasi tuliyoikandika wenyewe uani,
mwezi wa sita, baridi ya Uyole ikiigomea kukauka,
mama akituazima jiko la mkaa kwa saa
kama anavyoazima sukari: kikombe kapima,
na jina lako kaliweka kichwani.

Gari likasimama. Jekundu upande mmoja.
Upande wa pili rangi iliisha.
Macho ndiyo halikuwa nayo.

"Tia taa za pikipiki," nilimwambia, "tumalize."
Hakutaka. Alitaka taa zinazolala.
Mchana pua iwe laini kama sabuni iliyotumika,
usiku ziinuke, zitazame.
Nikamkumbusha: macho hayana pazia.
Akanijibu, boliti ikiwa mdomoni:
"Ya watu."

Basi tukatafuta pazia.
Bawaba nne za kabati la marehemu shangazi Tusekile
(mbao zilikwisha kwa mchwa, bawaba zilibaki na imani).
Mota mbili za waipa kwa Sanga wa vyuma chakavu,
moja ya Fuso, moja ya Kosta,
akaapa ni nzima zote kwa jina la kanisa asiloingia.
Mikono ya kunyanyulia tukaikata kwenye fremu ya baiskeli.
Mimi wa waya. Tangu utoto kazi yangu ni hiyo,
waya, na kumshikia tochi.
Rilei mbili, fyuzi ya ampea ishirini,
nyekundu ya kupanda, nyeusi ya kushuka,
na ile ya njano, ambayo niliisahau.

Jaribio la kwanza zikapanda, zikashuka,
zikapanda zikashuka zikapanda
kama mtu aliyepakwa pilipili,
tukizikimbiza mimi na yeye na bisibisi,
mpaka betri ikachoka kwa niaba yetu.

(Ya njano ndiyo inayoiambia mota: basi, tulia.)

Jaribio la nne zilitulia.
Ila la kulia lilifumbua kwanza,
kisha, kwa muda wa kumeza mate,
la kushoto.
Tukalegeza nati. Tukakaza.
Tukatia grisi, tukatia springi ya godoro,
tukamlaani Sanga kwa Kinyakyusa ambacho hakijui.
Likaendelea kukonyeza.
Mota za mama tofauti, akasema Andongwisye,
huwezi kuzilazimisha kuamka pamoja.

Jumamosi tulitoka nalo.
Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama mwenye nyumba,
malori ya Tunduma yakipita kwa kunguruma tu, bila umbo,
akina mama wa viazi wakifunika ndoo zao.
Kabla ya Igawilo, mkono mweupe ukatokea, kisha afande mzima.
Akalizunguka gari. Akapapasa pua.
"Taa ziko wapi?"

Andongwisye akabonyeza.

Afande akarudi hatua moja.
La kulia. Kisha, taratibu, la kushoto.
"Limenikonyeza," akasema,
si kwetu, kwa mwenzake ambaye hatukumwona,
na kutoka ndani ya ukungu huyo mwenzake akacheka
kicheko kirefu cha mtu mwenye baridi.
Alituandikia faini hata hivyo. Ya namba za gari.
Kwenye taa akaweka alama ya vema.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni na khanga mbili.
"Bonyeza tena," akasema.
Akatazama. Akataka mara ya tatu.
"Hilo linaloamka la mwisho nalijua,"
akasema, akanigeukia mimi,
aliyenibembeleza niende shule miaka saba,
kaka yangu akiwa keshafika na kurudi.
Nikajifanya naangalia fyuzi.

Kisha akauliza
jiko lake liko wapi.